Tezo: Kitongoji Kilichoegemea Kiwanda

Kaskazini ya mji wa Kilifi, kando ya barabara kuu iendayo Malindi, ndipo ilipo Tezo. Mwanafunzi wa Kiswahili alisikiapo jina hilo hukumbuka chombo cha kuchongea mitumbwi. Mwenyeji hukumbuka mikorosho. Kiwanda cha korosho cha Kilifi, kilichoanza miaka ya 1970, kilipofungwa katika miaka ya 1990, mkulima alibakia na mti wake mikononi mwa madalali. Wapo walioikata mikorosho wakachoma makaa, na ni vigumu kuwalaumu. Siku hizi wengi hudamkia matatu kwenda mjini kutafuta vibarua. Baadhi yao huteremkia Chuo Kikuu cha Pwani, kilichopata hati mwaka 2013. Nyumbani husemwa Kigiriama, garini, Kiswahili.