Simamisha Mkanda, Itazame Ndege

Desemba, kule nyumbani Nkoaranga, ukoo wetu ulikutana kumkumbuka babu mkubwa aliyekwenda Burma na jeshi la KAR, au "keya" kama wazee wanavyosema. Wiki moja kabla, mtoto wa baba mdogo alirusha kwenye grupu la familia mkanda wa dakika mbili: ndege za kivita zinapaa, askari Waafrika wanavuka mto, kisha ndege zinapita tena juu. Chini ameandika: "Babu zetu, Burma 1944." Mimi, kwa kuwa eti ndiye msomi, nikapewa kazi ya kutafuta projekta.

Nilipoutazama mara ya tatu nikashtuka. Zile ndege zilikuwa Spitfire, na chini ya mabawa zilikuwa na mistari mipana, mitatu myeupe na miwili myeusi. Kamaradi msomaji, mistari hiyo ina tarehe na ina mahali. Ilipakwa Juni 1944 kwa ajili ya uvamizi wa Normandy, Ufaransa, ili Washirika wasije wakatungua ndege zao wenyewe. Ilikuwa alama ya Ulaya. Sasa tungemwonesha bibi Ufaransa, tumwambie ndiko mumewe alikopigana?

Ndiyo maana naandika somo hili. Wengi wetu tuna mzee wa keya kwenye ukoo, na mikanda ya aina hii inazagaa kwenye simu. Huhitaji kuwa rubani ili kuipima. Unahitaji kuisimamisha na kutazama kwa mpangilio.

Kwanza, jua ni ndege gani. Ndege mbili za Kiingereza zinazochanganywa mno ni Hurricane na Spitfire. Hurricane ina mgongo uliopinda kama nundu, na rejeta moja katikati ya tumbo. Magurudumu yake yanakunjwa kuelekea ndani, kwa hiyo ikiwa chini inasimama kwa kutanua miguu. Spitfire ina mabawa yenye umbo la yai, rejeta zake ziko chini ya mabawa, na magurudumu yanakunjwa kwenda nje. Ikiwa chini miguu yake imebanana.

Hatua hii peke yake inakamata uongo mwingi. Spitfire za kupigana hazikupelekwa kwenye vituo vya ng'ambo hadi Machi 1942, zilipofika Malta. Lakini Mogadishu ilitekwa Februari 1941, na Addis Ababa Aprili mwaka huohuo. Kwa hiyo mkanda ukisema "Keya Ethiopia 1941" halafu ikapita Spitfire, maelezo hayo hayasimami. Huko zilikuwepo Hurricane, na Gladiator zenye mabawa mawili yaliyopandana.

Pili, tafuta toleo. Hurricane ya kwanza ilikuwa na bunduki nane za rashasha zilizofichwa ndani ya mabawa. Ukiona mitutu minne mirefu imechomoza, miwili kila upande, hiyo ni Hurricane IIC yenye mizinga ya milimita 20, iliyofanya kazi sana Burma. Kwa Spitfire, hesabu mapanga ya propela. Toleo la V kwa kawaida lina matatu, na chini ya mabawa upande mmoja una kisanduku kikubwa na mwingine kidogo. Toleo la VIII na la IX yana mapanga manne, na visanduku viwili vinalingana. Toleo la XIV lina matano. VIII na IX hufanana kama pacha, ila gurudumu la mkiani la VIII linakunjwa ndani ndege ikipaa. Hiyo VIII ndiyo iliyopelekwa Burma mwanzoni mwa 1944.

Tatu, soma alama. Duara la Waingereza lilikuwa na kitovu chekundu, pete nyeupe na pete ya bluu. Ubavuni iliongezwa pete ya njano nje. Hadi katikati ya 1942 pete nyeupe na ya njano zilikuwa pana. Baada ya hapo zikawa nyembamba. Burma kulikuwa na tatizo jingine: ndege za Wajapani zilikuwa na duara jekundu. Waingereza wakaondoa rangi nyekundu kabisa, wakabaki na duara dogo la bluu iliyokoza lenye kitovu cha bluu iliyofifia. Kuelekea mwisho wa vita waliongeza mikanda myeupe kwenye mabawa na mkia.

Hapa ndipo wengi tunateleza, kwa sababu picha haina rangi. Filamu nyingine za zamani hazikuhisi wekundu, hivyo nyekundu hutoka karibu nyeusi na hata njano huonekana imekoza. Tena juu ya mabawa, hata Ulaya, duara lilikuwa la bluu na nyekundu tu, bila nyeupe. Ukilitazama hilo peke yake utadhani ni la Burma. Kwa hiyo usihukumu kwa juu ya bawa: tafuta ubavu. Hesabu pete, kisha uliza kitovu kimekoza au kimefifia.

Nne, na hili ndilo kubwa: angalia mahali mkanda ulipokatwa. Ndege kuwa kwenye kipande kimoja na askari kwenye kinachofuata hakuthibitishi kwamba walikuwa pamoja. Watengenezaji wa filamu za habari waliazima vipande kutoka kokote ilmradi habari ijae. Kila kipande kina kesi yake.

Kwa hiyo sikuutupa mkanda wote. Ndege zilikuwa za Ulaya, lakini wale waliovuka mto walibaki ni Waafrika, wenye kofia za ukingo mpana. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopita Bonde la Kabaw na kuvuka mto Chindwin Desemba 1944, ilivaa nembo ya kichwa cha kifaru. Nilikuza fremu moja baada ya nyingine kuitafuta begani. Haikuonekana.

Siku ya kumbukumbu nikaonesha sekunde arobaini tu, chini nimeandika: "Askari Waafrika wakivuka mto, mahali hapajathibitishwa." Baba mdogo alinuna kidogo, maana ndege ndizo zilizonogesha. Nikamweleza bibi kwa nini nimezitoa. Akasema, "Afadhali. Rudisha nyuma, niwatazame hao wa mtoni tena." Tukarudisha mara nne, akitazama sura moja baada ya nyingine.

Likizo hii, ukiletewa mkanda wa babu zenu, fanya hivyohivyo kabla hujausambaza. Na kama mzee mwenyewe bado yupo, kaa naye, mwoneshe, kisha andika anachokwambia.