Maumivu ya Mgongo Baada ya Mshtuko wa Moyo: Soma Kabla ya Kununua Dawa

Wapo wagonjwa ambao, baada ya kunusurika na mshtuko wa moyo na kurejea nyumbani, husumbuliwa na maumivu ya mgongo yasiyojulikana chanzo. Wengi wao huenda duka la dawa na kuomba "dawa ya mgongo". Somo hili linaeleza kwa nini ombi hilo linaweza kuhatarisha maisha yao.

Jambo la kwanza ni kutambua dalili za hatari. Maumivu yanayoanza ghafla katikati ya mabega, au yanayoambatana na kubanwa kifua, jasho jingi, kichefuchefu, kukosa pumzi, au kusambaa hadi mkononi au tayani, huweza kuwa ya moyo. Miguu kufa ganzi au kushindwa kuzuia haja nazo ni dalili za hatari. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.

Jambo la pili ni dawa za kuepuka. Diklofenaki, ibuprofeni na nyingine za kundi hilo hutuliza maumivu na uvimbe. Hata hivyo, huweza kubakiza chumvi na maji mwilini, kupandisha shinikizo la damu na kuongeza uwezekano wa kupata mshtuko mwingine. Mwaka 2013, Wakala wa Dawa wa Ulaya ulielekeza kwamba diklofenaki isitumiwe na watu waliowahi kupata mshtuko wa moyo. Mwaka 2015, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha kuwa hatari hiyo inaweza kuanza ndani ya wiki za mwanzo za matumizi. Aidha, ibuprofeni yaweza kudhoofisha kazi ya aspirini ya dozi ndogo, na dawa hizo mbili zikitumiwa pamoja huongeza hatari ya kutokwa damu tumboni.

Tunawakumbusha wasomaji kusoma viambato kwenye pakiti. Vipo vidonge mseto vyenye parasetamoli na diklofenaki kwa pamoja, na jina la biashara pekee halitoshi kuvitambua.

Jambo la tatu ni dawa za moyo zenyewe. Dawa za kupunguza lehemu, kama vile atovastatini, huweza kuleta maumivu ya misuli. Mweleze daktari, naye ataamua kupima, kupunguza dozi au kubadili dawa. Mkojo ukiwa na rangi nyeusi kama chai ya rangi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usiache aspirini wala klopidogreli kwa uamuzi wako. Kuziacha ghafla kwaweza kuziba mshipa uliozibuliwa.

Kwa maumivu ya kawaida, parasetamoli ndiyo huanza kupendekezwa. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Mwenye ugonjwa wa ini apate kwanza ushauri wa daktari. Kitambaa cha uvuguvugu na kutembea kidogo kidogo, kadiri daktari alivyoruhusu, husaidia kuliko kulala kutwa.

Ufikapo duka la dawa, mwambie mtoa dawa mambo mawili kabla ya kutaja mgongo: kwamba uliwahi kupata mshtuko wa moyo, na dawa unazotumia sasa. Zibebe pamoja na pakiti zake. Maumivu yakiendelea, rudi kliniki ya moyo. Kutojulikana kwa chanzo leo hakumaanishi kwamba hakitapatikana, wala kwamba uyavumilie peke yako.