Kompyuta ya Kwantamu ni Kitu Gani?

Wako watu wadhanio kwamba kompyuta ya kwantamu ni kompyuta ile ile ya kawaida, ila imezidishiwa mwendo. Dhana hii si sahihi, na yafaa iondolewe kwanza.

Kompyuta tuijuayo hufanya kazi kwa biti, yaani alama yenye hali moja tu kati ya mbili, 0 au 1, mithili ya taa ambayo ama imewashwa ama imezimwa. Ama kwantamu, hiyo ni elimu ya vitu vidogo mno, kama vile atomu, ambavyo vina kanuni zao. Kompyuta ya kwantamu hutumia kiubiti, nacho kabla ya kupimwa chaweza kuwa katika mchanganyiko wa 0 na 1. Viubiti viwili huchanganya hali 4, vitatu 8, na viubiti 20 hupita hali milioni moja.

Hapa ndipo wengi watelezapo. Husema: "Basi mashine hiyo hujaribu majibu yote kwa mara moja, kisha hutupa lililo sahihi." Laiti ingekuwa hivyo! Kiubiti kipimwapo hutoa 0 au 1 tu, na mchanganyiko wote hupotea. Mwenye kupima ovyo hupata jibu la kubahatisha, na kwa hilo kurusha sarafu kungemtosha. Ustadi umo katika kuipanga hesabu iende kama mawimbi. Mawimbi yakikutana kilele kwa kilele huongezeana nguvu. Yakikutana kilele kwa bonde hufutana. Mwanahesabu hupanga njia ziendazo kwenye majibu ya makosa zifutane, na ziendazo kwenye jibu sahihi zisaidiane, ndipo apime. Ni hesabu chache tu zilizokwisha kupatiwa mpango wa namna hiyo.

Mmoja ulionyeshwa mwaka 1994 na Peter Shor wa Marekani. Kuzidisha 13 kwa 17 ni kazi nyepesi: ni 221. Lakini mtu akikupa 221 na kukutaka uzitaje namba mbili zilizoizaa, utahangaika. Namba ikiwa na tarakimu mamia, kompyuta za kawaida hushindwa, na juu ya ugumu huo yamejengwa makufuli mengi yalindayo barua na fedha katika intaneti. Kompyuta ya kwantamu iliyo kubwa na isiyokosea ingeyafungua.

Mashine hiyo haijapatikana bado. Mwaka 2001 watafiti wa IBM, kwa viubiti 7, waliigawanya 15 kuwa 3 mara 5, jambo aliwezalo mtoto wa shule. Mashine zimekua tangu hapo, lakini joto kidogo au mtikisiko huvuruga viubiti na kuleta makosa.

Je, tungoje? Mwizi aweza kuiba leo barua zilizofungwa, akaziweka mpaka ufunguo upatikane. Kwa sababu hiyo, Agosti 2024, NIST, taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, ilitoa kanuni 3 za kwanza za makufuli mapya, yaliyojengwa juu ya hesabu ambazo hata kompyuta ya kwantamu haijapatiwa njia ya kuzifumbua. Hospitali yenye siri za wagonjwa zipasazo kukaa miaka 20 haina budi kuanza kubadili makufuli yake sasa.