Daftari la Kompyuta Liwe na Ukubwa Gani?

Usishangae kukuta kompyuta katika gazeti la Chama cha Kiswahili. Tusipoyasema mambo haya kwa lugha yetu, nani atatusemea?

Januari 2024, siku ya kufungua shule moja ambayo sitaitaja, nilipanga foleni ya karo na mama tangu asubuhi. Saa nne mashine ikagoma. Mhasibu aliona majina na salio la kila mtu, lakini kuandika risiti mpya, wapi! Kwenye kioo kulitokea kosa nambari 9002: daftari la miamala limejaa. Wazazi waliotoka Mutomo walirudi na gari la mchana mikono mitupu.

Kila badiliko, kama vile karo kulipwa, huandikwa kwanza katika daftari hilo ndipo liingie kwenye hifadhidata yenyewe. Stima ikipotea ghafla (na kwetu hupotea kweli), kompyuta ikiwaka tena hulisoma, ikamalizia yaliyokamilika na kufuta yaliyoachwa nusu.

Wengi hudhani hifadhidata kubwa yataka daftari kubwa. Hebu fikiria tangi la maji pale Kibwezi. Mvua zetu ni za Oktoba hadi Disemba na za Machi hadi Mei. Anayenunua tangi hahesabu vyumba vya nyumba. Huhesabu mitungi ya kila siku na urefu wa kiangazi. Daftari nalo hupimwa kwa mabadiliko ya kila saa, mara saa zilizo kati ya nakala moja ya daftari na nyingine. Nakala ikishachukuliwa, nafasi ya zamani hutumika upya. Shule ile ilitumia SQL Server katika hali ya kutunza kila badiliko. Nakala ya hifadhidata ilichukuliwa kila Ijumaa, lakini ya daftari, hakuna hata moja! Likanenepa mpaka diski ikaisha.

Tufanye hesabu. Pima siku yenye shughuli, si Jumapili. Tuseme daftari laongezeka megabaiti 60 kwa saa, na nakala ni kila saa 4: 60 × 4 = 240. Ongeza nusu yake, 120, kwa siku ambayo mwenye kazi amechelewa: 360. Halafu tazama kazi moja kubwa kuliko zote, mathalani kuhamisha kidato kizima kwa mpigo, maana muamala usiokwisha huzuia nafasi isitumike upya. Hiyo ikihitaji 500 peke yake, sahau 360.

Daftari dogo mno hujiongeza kila mara, na likijiongeza waandikaji wote hungoja. Kubwa mno hula diski bure.

Siku ile kijana mmoja alishauri faili la daftari lifutwe tu. Mwalimu wa kompyuta akamzuia: humo mlikuwa na malipo ambayo hayajaandikwa kwingine. Wakachomeka diski ya nje, wakachukua nakala ya daftari, na saa kumi na moja jioni mama akapewa risiti yake.