Kuhamisha Akaunti za Watumiaji: Amana Isipotee Njiani



Ofisi nyingi za jumuiya hutunza kazi zao kwenye seva ya Linux, mfumo wa ukoo wa Unix. Humo mna orodha za yatima, hesabu za michango na kumbukumbu za wagonjwa. Seva inapochakaa, vyote huhamishiwa seva mpya. Wengi hudhani kuhamisha ni kunakili faili tu. Sivyo. Kila faili ina mwenyewe, na somo la robo hii linaeleza namna ya kuhakikisha kila mwenyewe anapata chake.

Mwenye mali ni namba

Unix, iliyoanza mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani, haiandiki jina la mtu juu ya faili. Huandika namba. Jina na namba yake vimo katika faili /etc/passwd.

Tuseme kwenye seva ya zamani iliyoko Unguja, Bi Mwanakombo, mhasibu, ni namba 1003. Kwenye seva mpya ya Chake Chake, 1003 ni Bwana Hamadi wa ghalani. Diski ikisafirishwa kwa boti hadi Mkoani na kuunganishwa kwenye seva mpya, faili za mishahara zitakuwa mali ya Bwana Hamadi. Kompyuta haitatoa onyo lolote. Hakuna aliyeiba, lakini amana imefika kwa asiyestahili.

Hatua za kufuata

1. *Andika orodha.* Chukua watumiaji wa kawaida tu. Namba zao kwa kawaida huanzia 1000. Matoleo ya zamani ya Red Hat yalianzia 500. Usinakili /etc/passwd nzima juu ya ile mpya, maana utavuruga akaunti za mfumo wenyewe.

2. *Linganisha namba.* Kagua za watu na za vikundi (/etc/group). Penye mgongano, mpe mtu namba mpya kwenye seva ya zamani kwa amri `usermod -u`, naye awe ametoka kwenye mfumo. Amri hiyo hubadili pia umiliki wa faili za saraka yake ya nyumbani. Zilizo nje ya hapo zibadilishe kwa `chown`.

3. *Hamisha maneno ya siri.* Yamo katika /etc/shadow, si kwa maandishi ya wazi. Ukihamisha mstari wa kila mtumiaji, ataingia kwa neno lake lile lile. Usitume faili hii kwa barua pepe, kwani maneno dhaifu yanaweza kukisiwa.

4. *Nakili mara mbili.* Tumia `rsync -aH --numeric-ids` ukiwa msimamizi mkuu (root) pande zote mbili. Programu hii, iliyotolewa mwaka 1996, ikirudiwa hutuma yaliyobadilika tu. Nakili mara ya kwanza watu wakiwa kazini, na mara ya pili wakiwa wametoka. Pemba imeunganishwa na umeme wa Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu mwaka 2010, lakini umeme ukikatika katikati ya kazi, rudia amri ile ile.

5. *Usisahau vya pembeni.* Barua huwa katika /var/mail, na kazi za ratiba katika /var/spool/cron.

6. *Kagua.* Amri `find /home -nouser` huonyesha faili zisizo na mwenyewe. Lakini haionyeshi zilizopewa mwenyewe asiye wake. Kwa hiyo linganisha `ls -ln` za seva zote mbili, kisha mwombe kila mtumiaji afungue faili zake na ajaribu kufungua za jirani.

Kabla ya kuagana na seva ya zamani

Izime, lakini usiifute kwa angalau mwezi mmoja. Baada ya hapo, futa diski kabisa kabla ya kuigawa au kuiuza. Aliyeleta jina la mtoto wake yatima ofisini hakutuachia kompyuta. Alituachia siri ya nyumba yake. Tutaulizwa juu yake.

Maswali ya kujadili

1. Katika ofisi yenu, nani anajua namba za watumiaji wote?
2. Ni faili zipi zingeleta madhara makubwa zikifunguliwa na asiyehusika?
3. Diski zenu za zamani ziko wapi leo?