Somo la Mkazi: Mtafiti Akibisha Mlangoni, Ujue Nini?

Ndugu mkazi, huenda jioni moja, baada ya zamu ya kuchuma au kupanga maua, mgeni akabisha mlangoni kwako Karagita, Kihoto au Gilgil. Ana simu au karatasi ya maswali. Anataka kujua unalipwa vipi, unafanya kazi saa ngapi, na kama umewahi kuugua baada ya kunyunyizia dawa. Anasema utafiti wake ni wa Ulaya. Je, umjibu?

Baada ya somo hili utaweza kueleza maswali hayo hutoka wapi, majibu yako huenda wapi, na una haki gani kabla ya kufungua kinywa.

Maswali hutoka wapi?

Umoja wa Ulaya una nchi wanachama 27. Tume ya Ulaya, iliyo na makao Brussels, Ubelgiji, ndiyo hupendekeza sheria zake. Kabla ya kupendekeza sheria inayogusa ajira na maisha ya wafanyakazi, Tume hutafuta ushahidi. Mara nyingi kazi hiyo hutangazwa kwa zabuni, kama vile kaunti hutangaza zabuni ya barabara. Kampuni za ushauri, taasisi na vyuo vikuu huomba, mshindi hulipwa, kisha hutoa ripoti.

Mfano mmoja unatuhusu. Mnamo Februari 2020, Tume ilichapisha utafiti kuhusu jinsi kampuni za Ulaya zinavyochunguza hali ya wafanyakazi na mazingira kule bidhaa zao zinakotoka. Uliongozwa na taasisi ya utafiti wa sheria ya London, British Institute of International and Comparative Law, pamoja na kampuni ya ushauri ya Civic Consulting na chuo cha London School of Economics. Kampuni 334 zilijibu hojaji, pamoja na wadau wengine 297.

Matokeo yalikuwa wazi. Ni zaidi kidogo tu ya theluthi moja ya kampuni hizo zilizosema kwamba zinachunguza athari zote za haki za binadamu na mazingira. Na nyingi kati ya zilizofanya uchunguzi ziliishia kwa muuzaji wa kwanza tu.

Kwa nini jambo hili linahusu Naivasha?

Waridi linalochumwa asubuhi kando ya Ziwa Naivasha hupelekwa kwa lori lenye baridi hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, kisha Ulaya. Mengine hupitia mnada wa Aalsmeer, Uholanzi, kabla ya kufika dukani. Kwa duka la Ulaya, muuzaji wa kwanza anaweza kuwa dalali aliye Uholanzi. Shamba la Naivasha liko nyuma yake. Kibarua aliyeletwa na wakala wa kuajiri yuko nyuma zaidi, sawa na mkulima mdogo anayeuza mishiri kupitia mnunuzi wa kati. Uchunguzi ukiishia kwa muuzaji wa kwanza, hawa wote hawaonekani.

Utafiti huo ulisaidia kuzaa sheria. Tume ilitoa pendekezo Februari 2022, na sheria ikaanza kutumika rasmi Julai 2024. Inazitaka kampuni kubwa zitafute madhara katika mnyororo wao wa bidhaa na kuyarekebisha. Hata hivyo, Aprili 2025 Umoja wa Ulaya uliahirisha tarehe ya kampuni za kwanza kuanza kuitekeleza, huku kampuni nyingi zikilalamikia gharama yake. Ujerumani tayari ilikuwa na sheria yake tangu Januari 2023. Vilevile, mkataba wa biashara kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya, unaotumika tangu tarehe 1 Julai 2024, una masharti kuhusu haki za wafanyakazi.

Jibu la woga lina gharama

Msimamizi akisimama karibu, wengi wetu tutasema, "Hatuna shida." Mtafiti ataandika hivyo, ripoti itasema hivyo, na aliye Brussels ataamini kwamba glavu zipo na mshahara wa ziada unalipwa. Lakini pia, kutia chumvi kunaumiza. Mnunuzi akisoma habari zisizo za kweli anaweza kuhamia kwingine, na kazi zikaenda naye. Sema ulichokiona na kilichokupata wewe mwenyewe, na useme "sijui" kuhusu usichokijua.

Haki zako kabla ya kujibu

1. Uliza mtafiti ni nani, ametumwa na nani, na nani anamlipa. Mwombe akuonyeshe kibali cha utafiti kutoka NACOSTI, tume ya taifa inayosimamia sayansi na utafiti.

2. Uliza majibu yatatumiwa kwa kazi gani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuelezwa. Habari za afya yako, ndoa yako, mali yako na majina ya watoto wako zinahesabiwa kuwa nyeti.

3. Unaweza kukataa, kuruka swali, au kuondoa idhini uliyokwisha kutoa. Usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Omba usomewe kwa Kiswahili au lugha yako.

4. Omba mzungumze mahali ambapo mwajiri na msimamizi hawasikii. Kabla ya kutaja jina lako au la shamba, uliza kama yataandikwa.

5. Omba matokeo yarudishwe. Kikundi chenu au chama cha wafanyakazi kinaweza kuuliza ripoti itatolewa lini na wapi.

Utafiti si malalamiko

Hapa ndipo wengi hupotea. Kumwambia mtafiti kwamba hukulipwa si kufungua mashtaka. Ripoti inaweza kuchukua miaka, na haitakurudishia mshahara wako. Chini ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, dai linalotokana na mkataba wa kazi hufunguliwa mahakamani ndani ya miaka 3. Ukiumia kazini, muda wa kudai fidia ni mfupi zaidi, kwa hivyo mwarifu mwajiri mara moja na uweke karatasi zote za hospitali.

Masuala ya leba yako chini ya serikali ya kitaifa, si kaunti. Nenda kwa afisa wa leba au kwa chama chako cha wafanyakazi; ikishindikana, kuna Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi hapa Nakuru. Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa usawa kazini, na Sheria ya Ajira inakataza kumfuta mtu kwa sababu ya kujiunga na chama au kuleta malalamiko ya kweli.

Kwa hivyo ukiwa na shida, fanya yote mawili: peleka malalamiko yako panapostahili, na ukiridhika na mtafiti, mjibu kwa ukweli. Malalamiko ni ya kukutetea wewe leo. Jibu kwa mtafiti huenda likamfaa atakayechuma maua hayo baada yako.

Maswali ya kujadili kwenye baraza au chama

1. Katika kazi yenu, ni nani aliye nyuma ya muuzaji wa kwanza na ambaye haonekani?

2. Mtafiti akija wiki ijayo, mtamwomba mzungumze wapi?

3. Ni tatizo gani mnalozungumzia tu na wageni, na ambalo halijafikishwa kwa afisa wa leba?