KUTUNZA VITI VYA REKSINI KATIKA MOTOKAA YA ZAMANI

Leo nataka kuwapa somo dogo ambalo mimi nilijifunza kwa hasara, ili ninyi mlipate bure.

Kwetu ni Masinya, wilaya ya Busia, upande wa Uganda. Marehemu baba alituachia Peugeot 404 ya mwaka 1968. Wazee huikumbuka sana aina hiyo, maana ndiyo iliyoshinda mashindano ya Safari mwaka 1963, tena 1966, 1967 na 1968. Viti vyake havikufunikwa kwa ngozi ya ng'ombe, bali kwa ngozi ya bandia ya plastiki, ambayo mafundi wetu huiita reksini.

Baada ya matanga niliona kiti cha dereva, alichokalia baba miaka yote, kimejaa vumbi jekundu la barabara yetu. Nikachukua kitambaa, nikakichovya katika mafuta ya taa, nikasugua. Kiti kiling'aa, na majirani wakanisifu. Basi nikafanya hivyo kila Jumamosi. Mwaka haukwisha, kiti kikawa kigumu kama gome la mti, kikapasuka katikati. Mama alikitazama, akasema, "Mwanangu, umekisugua kiti cha baba yako mpaka umekimaliza." Sikuwa na la kujibu.

Kwa nini kilipasuka? Hapa ndipo penye somo. Plastiki hii hutengenezwa kwa klorini, inayotokana na chumvi, na kwa gesi inayotokana na mafuta ya ardhini au gesi asilia. Kwa asili yake ni ngumu, kama yale mabomba meupe ya maji. Mwaka 1926 Waldo Semon, mtaalamu wa kemia wa Marekani, aligundua namna ya kuilainisha kwa kuichanganya na vimiminiko vizito. Fikiri nyuzi nyingi zilizobanana: ukitia mafuta katikati yake, zaweza kuteleza moja juu ya nyingine, na kitu chote kikakunjika bila kuvunjika. Mafuta hayo ya kulainisha ndiyo uhai wa kiti.

Lakini mafuta hayo hayakufungwa humo milele. Motokaa iliyofungwa vioo juani yaweza kupata joto la digrii 60 na zaidi juu ya viti na dashibodi. Joto likizidi, mafuta hutoka kidogo kidogo kama mvuke. Je, umepata kuona utando wa mafuta kwenye kioo cha mbele, kwa ndani, ambao maji matupu hayautoi? Sehemu ya utando ule ni mafuta yaliyotoka katika plastiki. Mwanga wa jua nao hukatakata zile nyuzi zenyewe. Nasi huku Masinya tuko karibu sana na mstari wa ikweta, tena zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Jua letu halina mzaha. Juu ya hayo mimi nikaongeza mafuta ya taa, ambayo huyayeyusha yale mafuta ya kulainisha na kuyavuta nje. Petroli na thina hufanya vivyo hivyo, tena vibaya zaidi.

Sasa njia iliyo njema ni hii.

Kwanza, ondoa vumbi kwa brashi laini, hasa kwenye mishono. Vumbi letu lina chembe za mchanga. Ukisugua kabla ya kuliondoa, utakuwa unakwaruza kiti.

Pili, tia vijiko viwili vidogo vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo katika lita 5 za maji ya vuguvugu. Usitie jiki. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana.

Tatu, chovya kitambaa, kikamue vizuri, kisha sugua taratibu sehemu ndogo ndogo. Penye mifereji tumia mswaki wa zamani. Usimwage maji juu ya kiti, kwa sababu yakipenya mishono yataozesha uzi na kutia kutu springi zilizo chini.

Nne, futa mara mbili kwa kitambaa chenye maji safi, maana sabuni ikibaki huvuta uchafu. Kausha kwa kitambaa kikavu, kisha acha milango wazi kivulini.

Wakati wa mvua, kuvu ikiota, changanya siki na maji sawa kwa sawa, paka, ngoja dakika 10, futa, kisha suuza.

Mwisho, ukiweza, paka dawa ya vinyli iliyotengenezwa kwa maji na yenye kinga ya jua. Paka kidogo tu, ngoja inywee, halafu futa iliyobaki. Kiti kinachoteleza ni hatari kwa dereva. Vaselini na mafuta ya kupikia usipake: hukamata vumbi, wala hayarudishi ulaini.

Hapa lazima niseme kweli, kwani wauzaji wengi hawaisemi. Hakuna dawa ya kupaka inayoweza kurudisha mafuta yote yaliyokwisha kutoka. Dawa hulinda kilichobaki tu. Kwa hiyo kivuli ni bora kuliko chupa yoyote: egesha chini ya paa, funika viti kwa shuka, acha upenyo kidogo juu ya vioo. Mwembe nao una kivuli, lakini uangalie ndege walio juu yake!

Kiti cha baba sikuweza kukiponya. Fundi alikivika reksini mpya, na kile kipande cha zamani nimekihifadhi. Lakini kiti cha nyuma, ambacho sikuwahi kukigusa kwa mafuta ya taa, nimekitunza kwa njia niliyowaeleza, nacho hata leo ni laini. Mama hukaa hapo tunapokwenda kanisani, na kila mara hukipapasa kwa kiganja kabla ya kuketi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami naongeza, afadhali kuuzuia ufa usianze.

Maswali ya kujipima:
1. Kwa nini mafuta ya taa hukifanya kiti king'ae leo na kipasuke baadaye?
2. Utando wa ndani ya kioo cha mbele hutuonyesha nini?
3. Ukiwa huna fedha ya kununua dawa, utafanya nini ili viti vidumu?